Dereva anaongoza mbio za magari ya umeme, halafu anaachia kanyagio! Naomba kueleweshwa

MshaleWaJioni:

Wakuu, habari za wakati huu. Mnivumilie, mada hii ina hasira kidogo.

Mimi ni mtu wa mbio za petroli tangu utotoni. Gari bado sijaliona, injini nimeshaitambua kwa sauti. Sasa wiki iliyopita shemeji yangu kanikalisha mbele ya runinga: "Leo unaangalia Formula E, halafu useme mwenyewe." Nikakaa. Mizunguko ya mwanzo sikuwa na neno. Magari yanabanana, yanapitana mpaka unachoka kuhesabu.

Halafu nikaona kituko. Jamaa anaongoza, mbele yake njia nyeupe, kona bado iko mbali, kaachia kanyagio! Mtangazaji anasema anaokoa umeme. Wa pili naye kaachia, hataki hata kumpita. Wa tatu hivyo hivyo. Watu wamevaa kofia ngumu, wamejifunga mikanda, wamekuja kushindana, halafu kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe", kama wageni wanaooneana haya mlangoni.

Shemeji anacheka, anasema huo ndio utamu wenyewe. Utamu gani? Mimi nilichoona ni mtu mwenye simu iliyobakiza asilimia 4, anapunguza mwanga wa kioo ili ifike nyumbani.

Sasa naomba kueleweshwa na wanaojua, na tafadhali msiniletee maneno ya vipeperushi vya watengenezaji. Betri ni dhaifu kiasi hicho mpaka leo? Kama umeme hautoshi, kwa nini wasiweke betri kubwa zaidi, yakaisha? Na hii habari ya kutotaka kuongoza inatoka wapi? Nimeangalia mbio miaka yote, sijawahi kuona mtu anakataa nafasi ya kwanza.

Nawasilisha.

GurudumuLaTano:

Mkuu, hizo ni mashine za kufulia zilizofungwa matairi. Mimi niliacha kuangalia enzi zile wanabadilisha gari katikati ya mbio. Dereva anaingia kituoni, anafungua mkanda, anarukia gari jingine kama mtu anayekimbia mdai wake. Nikasema hapana, nikazima.

Ngoja wajuzi waje, nimevuta kiti.

KidoleChepesi:

Mshale, nianze na aibu yangu mwenyewe, maana itakuelewesha haraka kuliko hesabu.

Nashindana na magari madogo ya rimoti. Msicheke. Mbio zetu ni za dakika 5, na betri ni ya lithiamu, seli mbili, ampea-saa 5. Ikijaa inasoma volti 8.4. Kuna siku nilikuwa naongoza tangu taa ya kwanza, kidole nimekibana kwenye kifyatulio hadi mwisho, nakilegeza pale tu ninapoona ukuta. Mzunguko wa mwisho gari likaanza kujikokota. Kidhibiti mwendo kilikuwa kimeona seli zimeshuka chini ya volti 3.2 kila moja, kikakata nguvu ili kuzinusuru. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu mbio nzima akanipita taratibu, hata hakuongeza mwendo.

Nikaokota gari langu. Betri ilikuwa ya moto, unaihamisha kutoka mkono huu kwenda huu, na ubavu wake umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nikaiacha ipoe, nikaipima tena. Kila seli: volti 3.5. Yaani umeme ulikuwemo ndani. Niliutaka kwa pupa, ukashindwa kutoka.

Hapo ndipo swali lako lilipo. Watu wanaifikiria betri kama tangi: kuna kitu ndani au hakuna. Betri ina kizuizi chake cha ndani, na kila ampea inayotoka inalipa ushuru pale. Betri yangu ilipokuwa mpya, kizuizi kilikuwa kama miliomu 10. Nikivuta ampea 30, napoteza wati 9 za joto ndani ya betri. Nikivuta ampea 60, sipotezi 18, napoteza 36. Ukizidisha mkondo mara mbili, joto linazidi mara nne. Betri ikichakaa, kizuizi kikafika miliomu 25, zile ampea 60 zinazaa wati 90 za joto ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Jaribu kushika balbu ya zamani ya wati 100 iliyowashwa. Na hapo hapo volti moja na nusu imeshapotelea njiani kabla haijafika kwenye mota.

Baadaye yule mzee alinionyesha kidole chake. Kabla ya kona anaachia mapema, pengine urefu wa magari matatu kabla yangu, gari linateleza lenyewe, anaingia kona bila kushtuka, anatoka laini. Kwa saa ya mkononi tofauti yetu kwa mzunguko huioni. Kwenye betri unaiona, maana yake mwisho wa mbio ilikuwa vuguvugu tu. Jina langu la humu limetoka kwenye kidole chake.

Sasa lipeleke hilo kwenye gari la kilo 850 hivi pamoja na dereva. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayotakiwa kuushinda inapanda kwa mchemraba wa mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nane. Kwa hiyo zile mita za mwisho za njia iliyonyooka, gari likiwa karibu na mwendo wake wa juu, ndizo ghali kuliko zote, na ndizo zinazokupa muda kidogo kuliko zote, kwa sababu unanunua mwendo ambao sekunde moja baadaye unautupa kwenye breki. Ukiachia hapo, unapoteza punje ya sekunde na unabaki na umeme wa kukanyaga ukitoka kwenye kona, mahali ambapo mwendo unaodumu unapatikana.

Na "tangulia wewe" inatoka huko huko. Anayeongoza anapasua hewa kwa ajili ya wote. Aliye nyuma yake anakaa kwenye kivuli cha hewa, mwendo ule ule, umeme mchache. Waendesha baiskeli wanalijua hili tangu zamani na hakuna anayewaita waoga. Umeme unaoweka akiba leo nyuma ya mtu ndio utakaomlipizia mizunguko mitatu ya mwisho.

Joto nalo usilidharau. Mbio za Formula E za Santiago, Januari 2020, siku ya jua kali, António Félix da Costa alifika mbele mwishoni, lakini betri yake ilikuwa imechemka na ikabidi aibembeleze. Maximilian Günther akampita mzunguko wa mwisho akachukua ushindi. Nilipoiona ile nilikumbuka shavu la betri yangu.

MshaleWaJioni:

Kidole, umenifunga mdomo nusu. Hilo la kivuli cha hewa nimelielewa, nakubali.

Ila betri kubwa hujajibu. Na nina kesi. Lile gari la umeme la Volkswagen lililopanda mlima Pikes Peak na kuvunja rekodi za kila injini, mbona lenyewe halikuachia kanyagio? Kama lile liliweza, hawa wanashindwa nini?

MamaVolti:

Naingilia, maana Kidole kasema kweli lakini kasahau nusu ya pili. Nusu ya kile unachokiona, Mshale, si udhaifu wa betri. Ni kanuni.

Betri kubwa kwanza. Formula 1 kwa kanuni zilizoanza 2019 iliruhusiwa kilo 110 za mafuta kwa mbio. Kilo moja ya petroli ina karibu kWh 12 (kilowati-saa, kipimo cha nishati), kwa hiyo tangi lile ni kama kWh 1,300. Tupa nusu nzima iende kwenye moshi na joto, bado zinabaki zaidi ya 600 zinazosukuma gari. Sasa angalia betri ya Formula E ya kizazi cha pili, Gen2, iliyoanza msimu wa 2018/19: kWh 54, kilo 385. Piga hesabu mwenyewe. Ili ubebe kWh 600 kwa uwiano ule unahitaji betri ya zaidi ya tani 4. Kila kilo unayoongeza nayo inataka umeme wake wa kuisukuma, tairi lake la kuibeba na breki yake ya kuisimamisha. Halafu kuna jambo ambalo watu wa petroli hawalifikirii kamwe: tangi linavyokwisha gari linakuwa jepesi, mizunguko ya mwisho linaruka. Betri tupu ina uzito ule ule wa betri iliyojaa. Unabeba maiti mpaka mwisho.

Kwa hiyo walichofanya kizazi cha tatu mwaka 2023 kitakushangaza: betri ikawa *ndogo* zaidi. kWh 47 kwa jumla, na za kutumia kwenye mbio zikawekewa ukomo wa 38.5. Nguvu ya gari ikapanda kutoka kilowati 250 hadi 350, uzito ukashuka. Tofauti inarudishwa na breki. Mota ya mbele na ya nyuma kwa pamoja zinaweza kurudisha hadi kilowati 600 gari linapopunguza mwendo. Hebu mjue hiyo ni nini: gari la kilo 850 likishuka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, linaachia karibu kWh 0.3. Kwa kilowati 600 hizo zinaingia betrini ndani ya sekunde mbili. Kabla ya kona! Karibu asilimia 40 ya umeme wa mbio nzima inatoka kwenye kupunguza mwendo. Yule dereva uliyemwona ameachia kanyagio, muda mfupi baadaye alikuwa anajichajia gari.

Na ndiyo maana nasema kanuni. Wapanga mbio wanawapa umeme pungufu makusudi, ili asiwepo mtu wa kukanyaga mwanzo mwisho. Wangewapa wa kutosha, ungeona msafara.

Ushahidi wangu ni mbio za Valencia, tarehe 24 Aprili 2021. Gari la usalama (lile linalotangulia na kupunguza mwendo wa wote kukiwa na ajali) lilitoka mara kadhaa, na kila lilipotoka waamuzi walikata kiasi cha umeme ulioruhusiwa. Da Costa, huyo huyo wa Santiago, anaongoza, akavuka mstari muda wa mbio ukiwa umebaki sekunde chache tu, kwa hiyo mzunguko mmoja ukaongezeka. Hesabu za timu nyingi zilikuwa hazina mzunguko huo. Magari yakaanza kutambaa moja baada ya jingine. Nyck de Vries akashinda, na wengine wakafutwa kwenye matokeo kwa kuzidisha umeme walioruhusiwa. Watu walisema betri zimewaangusha. Betri zilikuwa bado zina umeme, jamani! Namba kwenye karatasi ndiyo iliyokwisha.

Wewe GurudumuLaTano, yale mambo ya kurukia gari la pili yalikuwa 2014 hadi 2018, betri ya kWh 28 haikufikisha mbio nzima. Hapo ndipo ilikuwa teknolojia kweli. Imepita. Washa runinga.

GurudumuLaTano:

Mama kanishika sikio hadharani. Naona nilipe deni kwa kuchangia kitu.

Mnaodhani umeme ni mgeni kwenye mashindano: gari la kwanza la barabarani kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Tarehe 29 Aprili 1899, Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy, kilomita 105.88 kwa saa. Gari lina umbo la risasi, yeye kachomoza juu kiwiliwili kizima kama mtu aliyekaa kwenye pipa. Betri zake ni za madini ya risasi na asidi. Na nadhani mnaweza kukisia lilikwenda mbali kiasi gani kwa mwendo ule.

KidoleChepesi:

Hahaha, Gurudumu umetuletea jibu la Pikes Peak bila kujua.

Mshale, swali lako ni zuri. Volkswagen ID.R, Romain Dumas, tarehe 24 Juni 2018: dakika 7, sekunde 57.148. Rekodi ya juu ya mlima kabla yake ilikuwa ya Sébastien Loeb, 2013, dakika 8, sekunde 13.878, kwa gari la petroli lenye tabo. Hakuachia kanyagio kwa sababu hakuwa na haja. Njia ile ni kilomita 20 kasoro kidogo. Unapanda mara moja, umemaliza. Wahandisi walichagua betri ya kumaliza mlima na si zaidi, kwa hiyo gari zima pamoja na dereva halikufika kilo 1,100. Betri ikiwa na kazi fupi inayojulikana, ni mnyama. Mwambie arudie mlima ule mara tano mfululizo, tungeongea mengine.

Na mlima wenyewe ulimpendelea. Unaanzia mita 2,862, unaishia 4,302. Huko juu hewa ni nyepesi, injini ya petroli inatweta. Mota haivuti pumzi, kwake bondeni na kileleni ni sawa. (Chekesho dogo: pale mlimani walilichaji kwa jenereta inayounguza gliseroli.)

Kwa hiyo ukomo wa betri haukai mahali pamoja. Kwa mlipuko wa dakika chache betri inamshinda kila mtu. Kwa saa moja ya kukanyaga bila huruma, petroli bado inaiacha mbali.

Formula E wenyewe wanajaribu kuziba pengo hilo kwa kuchaji katikati ya mbio. Walianza Jeddah, Februari 2025: gari linasimama sekunde 30, linachomekwa kwenye chaja ya kilowati 600, linaondoka na kWh 3.85 za ziada. Ukilinganisha na betri ya simu, hizo ni simu kama 250 kutoka sifuri hadi kujaa. Ila ukipiga hesabu kavu, kilowati 600 kwa sekunde 30 ni kWh 5. Ile iliyopungua imekwenda wapi? Nadhani hawafungulii bomba lote kwa mkupuo. Ndani ya seli, lithiamu inapoingia inajipenyeza kati ya tabaka za grafaiti, kitu kile kile kilichomo ndani ya penseli. Ukiiharakisha kuliko inavyoweza kupenya, inagandia juu juu kama kutu ya fedha, inaota miiba. Mwiba ukifika upande wa pili, ni moto.

Ndiyo maana pia betri iliyojaa inakataa kupokea umeme wa breki, hakuna nafasi ya kupenya. Ukitaka kuona dereva mjanja, mwangalie mizunguko ya mwanzo, betri ikiwa bado imejaa, siyo ya mwisho.

MamaVolti:

Hilo la mwisho naliunga mkono. La kileleni pia. Ila "petroli bado inaiacha mbali" ungeongeza "kwa uzito". Kwa matumizi ya kile ilichobeba, petroli haina uso wa kuongea mbele ya mota.

KidoleChepesi:

Nakubali, mama: kwa uzito.

MshaleWaJioni:

Narudi na ripoti. Jana tumeangalia marudio ya mbio nyingine, mimi na shemeji. Safari hii sikuangalia nafasi, niliangalia zile asilimia za umeme uliobaki zinazoandikwa kando ya majina. Kuna mtu alikuwa wa nane, shemeji hamtaji hata jina, lakini asilimia zake zimezidi za kiongozi kwa tatu. Nikamwambia shemeji huyu anakuja. Akanicheka. Mizunguko minne ya mwisho jamaa kafungulia, kawala mmoja mmoja, kamaliza wa pili. Shemeji kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza nimejifunza wapi. Sikumwambia.

Sauti bado siipendi. Ni kama mdudu kwenye chupa. Hapo hamtanibadilisha.

Kidole, nina swali la pembeni. Nimeazimwa gari la rimoti na kijana wa jirani, lina betri ya seli mbili kama ulivyoeleza. Ukiiweka juu ya meza inayumba, nadhani tumbo lake si la kawaida. Naweza kuichaji mara moja tu nijaribu?

KidoleChepesi:

USIICHAJI. Itoe kwenye gari sasa hivi, iweke nje juu ya saruji, mbali na pazia na kitu chochote kinachowaka, usiitoboe, usiibonyeze ikae sawa. Halafu niandikie pembeni, nina moja ya akiba.